Wife alikuwa bed rest Bukoba, nikampa gemu la Kijapani acheze

Wakuu, amani kwenu.

Mimi ni kati ya wale wa kusoma nyuzi za wenzangu na kupita kimya, lakini hii lazima niiandike. Sijaongeza chumvi hata kidogo. Mhusika mkuu ni wife, ameshanipa ruhusa, ila amesema humu aitwe Asimwe.

Tunaishi Bukoba. Mimi ni fundi sola, nafunga pampu za maji na taa kwenye mashamba, kwa hiyo muda mwingi niko barabarani upande wa Muleba. Asimwe ni mwalimu wa shule ya msingi. Mtu wa netiboli. Mtu ambaye ukimwambia akae, anakuuliza nani anaumwa.

Mimba yetu ya kwanza ilitoka ikiwa imeshakuwa kubwa. Mtoto wa kike. Tulimzika kibanjani kwetu, kwenye migomba.

Watu walikuja, wakamwambia Asimwe asilie, bado kijana, atapata mwingine. Na kweli hakulia. Mimi nikaona nimeoa mwanamke jasiri.

Ilipokuja mimba ya pili, daktari akasema shingo ya kizazi ni dhaifu. Wakamshona, wakamrudisha nyumbani na amri moja: kulala. Aamke kwenda chooni na kuoga, basi.

Wakuu, kumlaza mtu wa aina ile ni sawa na kumfunga kamba.

Wiki za mwanzo alisoma, akasinzia, akahesabu mbao za dari. Simu akaizima, maana kila meseji ya ndugu ilikuwa "vipi, mtoto anacheza?" na kila akiisoma anashika tumbo kwa hofu. Akawa haongei. Nikitoka kazini namkuta ametazama ukuta.

Siku moja nikahamisha TV kuipeleka chumbani, pamoja na PlayStation yangu ya mtumba.

Akaniangalia. "Hiyo midoli yako unaniletea mimi?"

"Jaribu tu. Ukichoka nazima."

Kwa wasio wa gemu nifafanue kidogo. Kuna gemu moja kubwa la Kijapani, zile unazotembea nchi nzima na kikundi chako, mnapigana, mnapika kambini, mnasaidia wanakijiji. Nililimaliza enzi za chuo. Baadaye wenyewe wakatoa hadithi ya nyuma yake, prequel, yaani yaliyotokea kabla ya lile kubwa. Hili linajitegemea, huhitaji kuwa na lile la kwanza, tena ni fupi. Jina silitaji, mods wasije wakasema napiga promo.

Nikamwekea hilo fupi. Nikaona ni rahisi kwa mgeni.

Kosa langu, ama bahati yangu, mtaamua wenyewe.

Asimwe alianza kwa kulalamika vidole vinauma. Baada ya siku chache namkuta anagombana na TV. Vita hakuvipenda sana. Alichopenda ni wanakijiji. Bibi amepoteza mbuzi, Asimwe anamtafuta. Mtoto anataka supu ya uyoga, Asimwe anazunguka msitu mzima anachuma. Alikuwa amelala kitandani lakini ana kijiji kizima kinamtegemea, na uso wake ukaanza kurudi.

Kati ya wale wahusika kuna binti anaitwa Mirei. Nywele za bluu, upanga mkubwa kumzidi, maneno mengi. Analinda lango la mji mdogo wa mlimani. Asimwe alimpenda huyo binti jamani! Nikirudi jioni nikauliza hali yake, naambiwa hali ya Mirei.

Hapo ndipo presha yangu ilipoanza.

Kwenye lile gemu kubwa, wewe unafika kwenye mji huohuo miaka mingi baadaye. Ni magofu. Pale langoni kuna kaburi, na watoto huwa wanaliwekea maua. Mnaelewa kaburi la nani.

Nikajiuliza, mwanamke niliyeambiwa asishtuke, ndiye nimempa hii kitu?

Nikaanza kumchelewesha. "Umemaliza kwa yule mzee mwenye mizinga ya nyuki? Rudi kwanza, ana zawadi." Mara namwambia mashine imepata moto, tuipumzishe. Akawa ananitazama tu.

Katikati ya hayo akaja mama mkwe kutoka Rubya kumuuguza mwanae. Alishuka na mikungu ya ndizi na rozari yake, akaingia chumbani, akakuta mwanae anamkatakata zimwi.

"Ee waitu! Mtoto tumboni atajifunza nini?"

Lakini mama mkwe ni mtu wa hadithi. Akavuta kiti. Kesho yake nikamkuta ameweka sinia la ndizi mapajani, anamenya huku anauliza, "Huyu binti wa bluu ni wa ukoo gani?"

"Mama, huyo ni Mjapani."

"Wajapani hawana koo?"

Nikachukua kisu, nikamsaidia kumenya.

Mama alikuwa hajui kusoma Kiingereza, Asimwe anamtafsiria, mara Kiswahili mara Kihaya, na mama anatoa ushauri wa vita. Jioni moja kwenye rozari nikasikia kabisa anamwombea Asimwe, anamwombea mtoto aliye tumboni, halafu "na yule binti wa langoni." Nikaitikia amina. Ningefanyaje?

Sasa sikilizeni.

Nilikuwa Kimwani kwa mkulima mmoja, pampu yake imegoma. Mchana, jua kali, niko kwenye matope, simu ikaita. Mama mkwe. Sauti inakatika kwa kilio.

"Mkwe wangu, uko wapi? Binti ametutoka."

"Nini?"

"Ametutoka, waitu. Asimwe analia hanyamazi..."

Simu ikakata. Nikapiga, haipatikani. Ya Asimwe imezimwa, kama kawaida.

Wakuu, sikumbuki nilimwambia nini yule mkulima. Najua vifaa niliviacha kwake, hata spana sikuokota. Niliwasha pikapu na gumboots za matope miguuni.

Ile barabara naijua kona kwa kona, lakini siku ile ilikuwa ngeni. Nilipita Muleba mjini bila kuiona. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja: tutamweka pembeni ya dada yake, na Asimwe safari hii hataamka. Nilijikuta naongea na Mungu kwa ukali, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nikafika. Mlango uko wazi. Mama mkwe yuko jikoni, anakoroga chungu, macho mekundu.

"Yuko hospitali gani?" nikauliza.

"Nani?"

"Mama, Asimwe! Mtoto!"

Akanishangaa. Akanitazama na zile gumboots. "Si yuko chumbani. Mtoto anapiga mateke tangu asubuhi. Aliyekufa ni Mirei."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya jikoni. Nililia mimi, mwanaume mzima, na mama wa watu akabaki ameshika mwiko, hajui anibembeleze au akoroge chakula. Ilipomwingia nilichokuwa nimeelewa kwenye simu, naye akaanza kulia upya. "Nisamehe mwanangu, chaji iliniishia!"

Nikaenda chumbani. Asimwe amekaa ameegemea mito, macho yamevimba, lakini uso wake ulikuwa mwepesi. Sijui nieleze vipi. Kama mtu aliyetua mzigo.

"Ulijua atakufa," akaniambia.

"Nilijua."

"Na mimi nilijua. Tangu mwanzo wanasema hii ni hadithi ya mji ambao haupo tena. Ulidhani sisikii?"

"Sasa kwa nini uliendelea?"

Akaizima TV.

"Kwa sababu nyote mnanificha vitu. Mnanong'ona koridoni. Dada yako akija kuniona ananyamaza. Wa kwanza mliniambia nisilie, nikanyamaza. Hata jina lake hamtaji. Leo nimekaa na mama, tumemlilia huyu binti kwa sauti, katikati nikaona simlilii yeye tena. Namlilia mwanangu."

Ndipo akaniambia kwamba mama yake naye, baada ya miaka yote hiyo, alimsimulia siku ile kuhusu mtoto aliyempoteza kabla ya kumzaa yeye. Asimwe hakuwahi kujua. Mama na mwana, wamelia hadi wakacheka.

Nilipanda kitandani na matope yangu. Tukamtaja mtoto wetu wa kwanza kwa jina. Tulikuwa tumempa jina kabla hajazaliwa, na tangu tumzike hakuna aliyelitamka kati yetu. Tuliongea habari zake mpaka mama akagonga kusema chakula kinapoa.

Mtoto wa pili alizaliwa wa kiume, mzima, ana sauti ya kuhamisha mtaa. Bibi yake ndiye aliyempokea mikononi mwanzo.

Nilichojifunza, wakuu: nilidhani kumpenda mtu ni kumzuia asipate habari mbaya. Nikawa namlinda mke wangu dhidi ya katuni, huku huzuni yenyewe nimemwachia aibebe peke yake. Kama una mtu amelala ndani, usinong'one koridoni. Ingia, kaa, mwache alie anachotaka kulia, hata kama ni binti wa kwenye TV.

Karibuni mchangie. Wa kunicheka kuhusu gumboots, ruksa. Lakini mliowahi kupoteza mtoto, naomba msiniandikie mimi. Mwandikieni Asimwe, na kama mtoto wenu alikuwa na jina, mlitaje. Amekaa hapa pembeni, simu nampa yeye.