Tone Nililoliziba

Naikumbuka siku ile, mwanangu. Mpaka leo nikisikia harufu ya grisi inayoungua, hata kama ni ya pikipiki ya jirani, moyo unanilipuka paa! Kaa hapo nikuambie, maana jana nilikusikia ukimjibu fundi wako, "Najua, najua." Mimi pia nilikuwa najua. Toba, nilivyokuwa najua!

Masika yale maji yalikuwa yameondoka na daraja letu, zikabaki nguzo tu katikati ya mto Pangani. Watu wa upande wa Handeni wakawa hawafiki Korogwe. Ikaletwa boti ya injini kutoka pwani iwe inavusha watu. Haikumaliza hata wiki, ikagonga gogo lililozama. Propela ilikuwa na mapanga matatu, mawili yakakunjika. Na shafti, ule mhimili wa chuma unaotoka kwenye injini kwenda kuizungusha propela majini, ikapinda.

Sasa Korogwe nani anatengeneza boti? Lakini karakana ya shamba la mkonge ilikuwa na mashine ya kukereza vyuma, na alikuwepo Mzee Hiza, ambaye ujanani aliwahi kuhangaika na boti kule Tanga. Mimi nilikuwa fundi wa korona, ule mtambo wa kukwangua majani ya mkonge. Miaka ishirini na mitatu, mtoto wa mkata mkonge aliyetoka Songea, kifua mbele, sisikii la mtu. Nikapewa kumsaidia.

Tuliivuta boti ukingoni, tukafungua kila kitu. Mzee Hiza alichonga ubao kwa kufuatisha lile panga lililopona, akawa ananyoosha yale mawili kwa nyundo ya mbao, anagonga kidogo, anapima kwa ubao wake, anagonga tena. Shafti tuliizungusha kwenye mashine huku mzee ameshika chaki karibu yake, na palipoguswa na chaki ndipo palipopinda, tukapanyoosha. Siku tatu nzima! Moyoni nasema, huyu mzee kachoka, kazi ya asubuhi moja hii.

Siku ya tatu, tunarudisha shafti na propela mahali pake, ikaja simu. Binti yake Mwajuma, aliyeolewa ng'ambo ya pili, uchungu umeanza na mtoto amekaa vibaya. Mkunga kasema afikishwe hospitali ya Korogwe leo hii. Mzee Hiza alibadilika uso. Akataka kukimbilia hospitali kuomba gari lije limsubiri ukingoni, lakini kabla ya kuondoka akanishika bega.

"Imebaki kazi moja," akasema. Pale shafti inapotoboa boti kwenda nje kuna kikombe cha chuma, ndani yake huzungushiwa kamba iliyopakwa grisi ili maji yasiingie, na nati mbili za kukibana. "Kaza kidogo tu. Iache idondoke. Shafti ikizunguka, tone moja moja liingie. Umenisikia?"

"Nimesikia, mzee."

Nilisikia, ndiyo. Tukaishusha boti majini, nahodha aliyekuja nayo akawasha, na kweli likaanza, to, to, to. Watu wamejaa ukingoni wanaangalia. Na mimi, mwanangu, nimelelewa kwenye korona! Kwetu mtambo ukidondosha tone moja, msimamizi anakuita mbele ya wenzako, anakuonyesha kwa kidole. Tone kwetu ni aibu. Nikachukua spana ndefu, nikakaza mpaka pakakauka kabisa. Nahodha alikuwa kainamia nyaya zake, akauliza, "Huko nyuma vipi, yakhe?" Nikamjibu, "Safi kabisa!"

Kwenda tulikwenda vizuri. Tukampakia Mwajuma na mama mkwe wake, na beseni lao la nguo za mtoto. Kufika katikati ya mto, harufu. Halafu moshi. Injini ikakoroma, ikatetemeka, ikazima.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Maji yakatugeuza ubavu, yakaanza kutupeleka kwenye zile nguzo za daraja. Nahodha akang'oa ubao wa sakafu, akaona chuma kinatoa moshi. "Nani kaikausha hii?" "Mimi," nikasema. "Legeza! Legeza, utatuua!"

Spana iliteleza, nikashika nati kwa mkono. Ngozi ilibaki palepale, na kovu hili hapa. Nati ikazunguka, maji yakaingia yanachemka, shiii! Mwajuma analia, "Mwanangu, mwanangu," na mimi nalia naye. Injini ikakataa. Ikakataa tena. Mara ya tatu ikashika, na nguzo ilikuwa imeshafika mahali pa kuigusa kwa mkono. Kamba ilikuwa imeungua, maji yanamiminika ndani, mama mkwe akamwaga nguo za mtoto, tukakumba maji kwa lile beseni mpaka ng'ambo ya Korogwe.

Mtoto alizaliwa jioni ile, wa kike, mzima. Mzee Hiza alinikuta nimekaa nje ya hospitali. Nikajua leo napigwa, na nilitamani anipige.

"Nilikuambia nini?"

"Iache idondoke."

"Kwa nini ukakaza?"

"Niliona aibu, mzee. Watu walikuwa wanaangalia."

Akaketi kando yangu. "Lile tone ndilo linaloipoza shafti. Kutokujua si kosa. Lakini mdomo ulikuwa nao, ukashindwa kuniuliza kwa nini."

Basi, akaondoka. Wiki iliyofuata akaniita ukingoni, mkono wangu bado una bendeji, akanipa spana. "Funga upya. Wewe mwenyewe." Nikafunga, nahodha akawasha, tone likaanza kudondoka. Nilipoinua kichwa, yeye amepanda, na Mwajuma nyuma yake, na kile kichanga kifuani. Wanarudi nyumbani kwa kazi ya mkono wangu! Nguzo zile hazikunishtua kama jambo hili. Nililitazama tone lile mto mzima, sikupepesa.

Basi mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Ukiambiwa jambo na aliyekutangulia kazini, na usilielewe, usiseme najua. Uliza kwa nini, hata mbele za watu, hata wakikucheka. Usifanye kazi ili ionekane safi machoni pa waliosimama ukingoni, maana wao hawapandi. Mfikirie atakayepanda.

Mungu akupe mkono mtulivu na mdomo usioogopa kuuliza. Na kila atakayeiamini kazi yako, afike ng'ambo.