Kila Kitu Hakina Jalada

Usiku ule usingizi ulinikuta na kalamu mkononi, kaunta buku kifuani, na moyo umeshakata tamaa. Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nianze kujifunza kuandika programu za kompyuta. Dada Neema, aliyenichukua kwa majaribio katika ofisi yake ndogo, alinipa hadi Ijumaa: fomu ya miadi ya zahanati ipokee tarehe sawasawa, la sivyo nafasi yangu apewe mwingine. Fomu yangu iligeuza tarehe tano mwezi wa tisa kuwa tarehe tisa mwezi wa tano. Mjamzito angekuta siku yake ya kliniki imepita kitambo.

"Majibu yamo kwenye maelezo rasmi ya lugha ya programu, kasome," aliniambia. Nami nikasoma nilivyozoea shuleni: nikaanza ukurasa wa kwanza, nikanakili kila neno, nikakariri utadhani kesho mtihani wa taifa. Nilijaza kurasa sitini na tarehe bado zinapinduka.

Mara nipo masijala ya hospitali ya wilaya. Shangazi yangu Zuhura, aliyefariki mwaka juzi, amekaa mezani pake, miwani imeteremka puani. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa pale, kutafuta majalada ya wagonjwa. Sishangai kumwona. Ndotoni hakuna anayeuliza mtu amerudi lini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja kutafuta nini?"

"Kila kitu."

Ananitazama juu ya miwani. "Kila kitu hakina jalada, mwanangu."

Rafu zinarefuka mpaka sioni mwisho wake, na kwenye kila jalada naona vichwa vya habari nilivyonakili. Natoa la kwanza, naanza kusoma. Ananipokonya. Kidole chake kinateremka kwenye orodha ya mwanzo, kinaruka, kinasimama. Anasoma mistari miwili, anafunga. Ndivyo alivyokuwa, sasa nakumbuka.

"Ukisoma habari za wagonjwa wote, huyu aliyesimama dirishani atafia hapo hapo."

Nageuka. Dirishani kuna mama mjamzito, kadi mkononi, amechoka kusimama. Shangazi ananisukuma kwake. "Haya, muulize."

Najisikia nikisema, "Mama, kwenye kadi yako wameanza kuandika siku au mwezi?"

Shangazi anatabasamu. Hapo hamu yake yote ikanipanda, nikanyoosha mikono nimkumbatie. Anarudi nyuma kidogo. "Nenda, mwanangu. Watu wanasubiri."

Nikaamka mto umelowa machozi, adhana ya alfajiri inaadhiniwa. Nilimwomba Mungu amrehemu shangazi, nikaswali, kisha nikafungua kompyuta. Safari hii niliandika swali moja kwanza: nitaiambiaje programu kwamba siku inatangulia mwezi? Nikapitia orodha ya yaliyomo, nikaruka mengi bila huruma, nikafika sehemu ya tarehe. Ilikuwa nusu ukurasa. Nikaisoma mara tatu, nikajaribu mfano mdogo uliotolewa pale kabla ya kugusa fomu yangu.

Tarehe tano mwezi wa tisa ikabaki tarehe tano mwezi wa tisa.

Chini yake likatokea kosa jipya, jekundu, sijawahi kuliona. Jana ningelia. Nilicheka peke yangu chumbani, kwa sababu nilijua la kuuliza.