Shokomzoba Ngumu za Baba

Baba alichagua mwenyewe shokomzoba za pikapu yetu, zile ngumu kuliko zote. Fundi alipomshauri achukue laini, alimkatiza: "Mie napakia nazi, sipakii mayai."

Kweli zilidumu. Lakini gari ikiwa tupu ilirukaruka kama mbuzi. Mama alipougua tulimlaza nyuma juu ya godoro, nikamshika kichwa, na kutoka Chwaka hadi hospitali ya mjini kila shimo lilimtoa ukelele. Siku ile nilimchukia baba.

Mama alifia huko. Tulipomrudisha kumzika, jamaa walijazana nyuma ya pikapu, wamelizunguka jeneza, kila mtu anataka kumsindikiza. Gari ikapata uzito wake, ikatulia.

Njia nzima mama hakutikisika hata kidogo.