Je, Koti Nyeupe Alikimbia?

Mwaka wa sabini na nne sinema moja ya majambazi ilikaa Nyeri wiki tatu nzima, na mtu wa kwanza kutambua kwamba mji umeshikwa alikuwa mwanamke ambaye hakuwa ameiona. Huyo ni Rukaya, fundi wa nguo, mjane wa mtaa wa Majengo, ambaye wengi walimwita Mama Zabibu. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka la vitambaa karibu na soko. Siku mbili tu baada ya sinema kuanza, vijana watano walikuwa wamemjia, kila mmoja kwa wakati wake, wote wakitaka kushonewa koti jeupe.

Sinema yenyewe ilikuwa na jina refu la Kizungu lisiloshikika mdomoni. Watu wakaipa jina lao, Koti Nyeupe, na jambazi mwenyewe wakamwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa mji mkubwa wa ng'ambo, mwenye kuvunja benki na kuua watu bila hata kukunja suruali.

"Hilo koti lina vifungo vingapi?" Rukaya alimuuliza kijana wa kwanza.

"Iko na mbili, mama."

Wa pili alisema vitatu. Wa tatu alikuwa Gatimu, karani wa chama cha kahawa aliyekuwa akijiandaa kuoa, naye aliapa kwamba vilikuwa vinne na vinang'aa. Wa nne hakukumbuka. Wa tano alimweleza kwa heshima kwamba bunduki zikilia, mtu hahesabu vifungo.

Fundi mwingine angewafukuza. Rukaya alifurahi. Alishangaa kwamba watu wanaweza kuketi katika jumba moja, wakatazama ukuta mmoja, halafu kila mtu akatoka na koti lake. Tangu siku hiyo hakuna aliyepita veranda bila kuulizwa ameona nini. Kuuliza si ujinga, hasa kama mikono inaendelea na kazi.

Kingori, mwenye bucha ya ng'ambo ya barabara, alikuja na aproni yake na hasira yake.

"Damu gani ile, Mama Zabibu? Ile ni rangi tu. Damu ya ukweli ikipigwa na hewa kidogo inakuwa nyeusi. Hao watu hawajawahi kuchinja hata kuku."

"Kwa hiyo si nzuri?"

"Ni ya uongo kabisa. Kesho naenda tena, nione kama walitengeneza."

Mwalimu Moffat alisimama na baiskeli yake na kusema kwamba filamu ile ilifaa kupigwa marufuku, kwa sababu inafundisha vijana ujambazi.

"Umeiona, mwalimu?"

"Mara mbili. Ile ya kwanza sikuwa na uhakika."

Wakonyo, aliyeuza viazi sokoni, hakuwa na habari na bunduki wala benki. Alikuwa amemwona mama yake Koti Nyeupe. "Huyo mama alipika supu mara tatu, na hakuna mtu alikunywa," alisema, machozi yakimlengalenga. "Watu wanasema risasi, risasi. Mimi ni supu iliniuma."

Rukaya aliyapokea maoni haya yote kama mtu anayepokea vipande vya kitambaa, akijua kwamba siku moja vitakutana. Akaligundua jambo moja kwa haraka: kila mtu aliihukumu sinema kwa kazi yake. Mchinjaji damu, mwalimu adabu, mama jikoni, na mwenye kuoa vifungo. Alilicheka jambo hilo peke yake. Hakujua kwamba zamu yake ilikuwa njiani.

Ijumaa wote wanne walikutana pale verandani, Gatimu akiwa amekuja kujaribu koti lililoshonwa nusu, na mabishano yakazuka kuhusu mwisho. Hapo mwishoni, Koti Nyeupe yuko kwenye ngazi za benki, polisi wako nyuma yake, na risasi inampata mgongoni. Hapo wote walikubaliana. Walichogombania ni kile alichokuwa akifanya.

"Alikuwa anatafuta bastola ndani ya koti," alisema Gatimu.

"Hapana, huyo alikuwa amesalimu amri," alisema mwalimu. "Ndiyo maana nasema ni filamu mbaya."

"Alikimbia," alisema Kingori. "Mtu hapigwi mgongo kama hajakimbia."

Mguu wa Rukaya ukasimama juu ya kikanyagio. Sindano ikabaki imezama kwenye pindo. Hakuna aliyeona, maana walikuwa wakisikilizana wao kwa wao, na Kingori hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini Rukaya alikuwa amewahi kuambiwa sentensi ileile, neno kwa neno, miaka ishirini nyuma.

Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, mumewe Yakubu alikuwa mpakuzi wa magunia kwenye ghala moja mjini. Jioni moja ya mwaka wa hamsini na nne, alipokuwa akirudi nyumbani kabla ya saa ya kafyu, askari wa doria walimpiga risasi. Maelezo yaliyoletwa Majengo yalikuwa mafupi: aliambiwa asimame, akakimbia. Kwa nini mtu asiye na kosa akimbie? Lisemwalo lipo, watu wakasema, na mtu hapigwi mgongo kama hajakimbia. Waosha maiti walimkabidhi Rukaya shati na koti vikiwa vimefungwa pamoja. Alizifua nguo zile mwenyewe mpaka maji yakawa safi. Kila moja ilikuwa na tundu moja, mgongoni.

Koti lile lilikuwa la kwanza ambalo Rukaya aliwahi kukata kwa mkono wake, akiwa bado anajifunza. Ndiyo maana alidhani ameelewa jambo moja lililomsumbua. Ukizilaza nguo zile mezani, kola juu ya kola, matundu hayakutani. Tundu la koti liko chini ya tundu la shati, kwa vidole vitatu vizima. Kwa miaka ishirini aliamini kwamba kosa lilikuwa la mkasi wake, kwamba alimvika mumewe koti lisilomkaa, na mume akafa nalo. Alilionea haya. Alishona nguo za nusu ya mji ule, na lile koti hakulitia hata uzi.

Na kulikuwa na Zabibu. Binti alipokuwa na miaka kumi alirudi kutoka chuo cha Kurani akiwa amepigana, akamuuliza mama yake mbele ya sufuria ya maharagwe, "Baba alikuwa anakimbia nini?" Rukaya aliendelea kukoroga maharagwe. Mtoto hakuuliza tena, na kimya kile kilimuuma Rukaya kuliko maneno ya watu, kwa sababu alijua maana yake: mtoto ameamini.

Kwa hiyo Jumamosi, saa nane mchana, mjane wa Majengo aliingia sinema. Alivaa buibui, akamshika Wakonyo mkono, wakakaa kwenye viti vya katikati. Kuna waliogeuka kumtazama, naye akawatazama vilevile, maana macho hayana pazia. Alijiambia amekuja kwa ajili ya vifungo. Lakini moyo wake ulijua.

Vifungo vilikuwa viwili. Kijana wa kwanza alikuwa sahihi. Rukaya aliona pia kwamba koti lile halikukatiwa yule mtu. Bega la kushoto lilikuwa limejazwa pamba, na alipoketi, mgongo ulijikunja. Nguo ya kuazima haisitiri matako, alinong'ona, na Wakonyo akacheka mpaka mtu wa mbele akawanyamazisha. Watu walikufa wengi. Wengine walikufa kwa kusema maneno mengi, na watazamaji wakawaambia wafanye haraka. Supu ilipikwa mara tatu, kama alivyoambiwa, na Wakonyo akalia mara tatu.

Kisha zikaja ngazi za benki. Wakonyo akajifunika uso kwa leso. Koti Nyeupe alisimama, mgongo kwa polisi, mgongo kwa watu wote wa Nyeri. Akainua mikono polepole. Na Rukaya, ambaye kila siku huwaambia wateja wake wainue mikono ili ajaribu kwapa, akaona kile ambacho angepaswa kukijua kuliko mtu yeyote katika jumba lile. Koti lilipanda. Pindo lilipanda, mkanda ukaonekana, na shati lililochomekwa likabaki palepale. Risasi ikalia. Tundu likatokea kwenye koti jeupe, chini kuliko pale ambapo lingetokea kama mikono ingekuwa imeshuka.

Chini kwa vidole vitatu hivi.

Taa zikawashwa. Nje watu waliendelea kubishana, kila mmoja na ushahidi wake, Kingori akiwa katikati yao akieleza miguu ilivyokuwa. Alipomwona Rukaya akamwita. "Haya, Mama Zabibu, sasa umeona na macho yako. Alikimbia ama hakukimbia?"

"Ngoja kwanza," alisema Rukaya. "Kuna koti sijalijaribu."

Usiku ule alilitoa koti sandukuni na kulipakata, akaogopa. Koti mezani husema nusu tu ya maneno yake. Linataka mwili ndani yake, na mwili wenyewe ulikuwa mmoja tu uliobaki wenye mabega yale na urefu ule. Zabibu alikuwa amemwacha mama yake kwa kimo tangu akiwa na miaka kumi na minne. Baba yake mtupu, watu walisema.

Jumapili alikwenda Naro Moru, ambako Zabibu alikuwa ameolewa na mwenye duka aitwaye Huseni. Alimkuta binti anachambua mchele wa Mwea. Hakungoja chai. Alimvuta chumbani, akafunga mlango, akafungua furushi kitandani.

Zabibu alizitambua nguo bila kuambiwa. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, za nini tena hizo?"

"Vua, uvae. Shati kwanza, bila kitu ndani."

"Sitaki."

"Mwanangu, uliniuliza swali na sikukujibu. Ulikuwa na miaka kumi. Sasa vaa."

Zabibu alivaa. Rukaya alimchomekea shati kwenye sketi, akaikaza kwa mkanda, kama Yakubu alivyokuwa akikaza kila asubuhi. Kisha koti. Liliketi mabegani bila kasoro. Rukaya alipitisha kiganja kwenye mshono wa mgongo kutoka juu mpaka chini, mara mbili, na hapo akaanza kulia, kwa sababu lilikuwa limekatwa vizuri. Mkasi wa msichana yule mwanafunzi haukuwa umekosea kitu.

"Simama kama unatembea," alisema. Akatia kidole kwenye tundu la koti. Kidole kikagota kwenye kitambaa cha shati.

"Sasa piga hatua ndefu, kama unakimbia. Simamia hapo." Zabibu akatupa mguu mbele na kukunja viwiko. Kidole kikagota tena.

"Sasa inua mikono. Juu, juu kabisa."

Zabibu akainua mikono. Koti likapanda mgongoni mwake polepole, na kidole cha mama yake kikapanda nalo, upana wa kidole kimoja, viwili, vitatu. Kisha kikapita. Kilipita kwenye koti, kikapita kwenye shati, kikagusa ngozi ya mgongo, yenye joto, ya mtu mzima aliye hai.

Nje Huseni alimsalimu mteja.

"Hakukimbia," alisema Rukaya. "Walimwambia asimame, akasimama. Akainua mikono hivi."

Zabibu hakugeuka. Ndani ya koti la baba yake aliendelea kushikilia mikono juu, na hakuishusha mpaka mama yake alipomwambia, "Basi, mwanangu. Shusha."