Tope la Bengamisa

Nilitoka Kisangani kwa sababu ya hasira. Mwenzangu wa Ulaya, tuliyefanya naye utafiti kabla ya vita, aliniandikia kwamba modeli yao ya kompyuta inaonyesha msitu wetu haukukosa mvua hata mara moja kwa maelfu ya miaka. Nani kati yao aliwahi kuja kuangalia? Ili kuibishia modeli nilihitaji tope la kinamasi, ambalo hujipanga lenyewe tabaka juu ya tabaka, la zamani chini, la juzi juu. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefunguliwa kwa siku chache tu.

Alfajiri niliondoka mtaani kwangu Makiso nyuma ya baiskeli ya toleka, ile teksi yetu ya Kisangani, mabomba manne ya plastiki yamefungwa ubavuni. Kwenye kizuizi cha kwanza askari walichukua sabuni yangu. Kwenye cha pili, viatu. Basi jioni nikaingia kijijini Bengamisa peku, matako yanawaka moto.

Nilipokewa na Papa Asumani, mzee aliyechimba almasi ujana wake wote na hakubakiwa na kitu ila mgongo mbovu. Mke wake alinipa lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki. Mzee akayagonga mabomba yangu, akauliza, "Profesa, mu ile matuyo utatia nini?"

"Ni kazi tu, papa," nikajibu. Niliogopa maneno yasije yakafika kwa askari.

Siku ya pili tulizama kinamasini hadi kiunoni, yeye na mimi, tukayagongomea mabomba chini na kuyang'oa yamejaa. Kwenye mdomo wa chini wa bomba moja niliona tabaka la mkaa, nene kama kidole. Msitu uliwahi kuungua, na msitu wenye mvua hauungui hivyo. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Papa Asumani aliniangalia, kisha akaliangalia bomba.

Siku ya tatu homa ikaniangusha. Kesho yake mchana nilipoinuka, mabomba yalikuwa matupu, yameoshwa safi, yameegemezwa ukutani. Papa Asumani alisimama uani na chekeche lake la zamani la almasi, suruali imelowa.

"Nilisukula yote, profesa, pole pole," akasema kwa huzuni. "Nilisema, askari wakikukuta na mawe watakuua, afazali uyashone mu nguo. Lakini hakuna hata moya. Pole sana."

Nilimtukana. Mzee wa watu, nilimtukana mbele ya mke wake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akauliza, "Bon. Kama haikuwa mawe, ilikuwa nini?"

Nikamweleza, kwa mara ya kwanza. Akakaa chini.

"Ungeniambia," akasema, "ningelala nayo kitandani."

Kinamasi kilikuwa palepale, lakini risasi zilishaanza kusikika upande wa Banalia. Nilirudi Kisangani kwa miguu, pamoja na wakimbizi.

Nilichojifunza kinaniuma hadi leo: kwa kuwaogopa askari, nilimficha siri mtu pekee aliyekuwa upande wangu. Miezi kadhaa baadaye ramani ikafika kutoka Ulaya, kwetu kote kumepakwa kijani, mvua tele miaka yote, kwa neno la modeli peke yake. Mwenzangu aliuliza kwa adabu kama nina rekodi yoyote ya kupinga. Ule mkaa niliuona kwa macho yangu, niliushika kwa kidole. Nikamjibu kwamba sina.