Ndiga Iliyonyamaza Ulimini

Mwaka ule tulikula ndiga. Mtu wa huku ukimwambia hivyo haulizi mwaka gani. Mvua ilinyesha mpaka mihogo ikaozea ardhini, barabara ikakatika, unga wa dukani ukaisha, na waliokuwa wakiicheka ndiga kwamba ni chakula cha mababu wakabeba majembe wakaingia porini kuitafuta.

Kuichimba kila mtu anaweza. Kazi iko kwenye kuila. Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Ukiila hivi hivi inakulevya, unatapika, na mtoto mdogo anaweza kufa. Unaimenya, unaikata vipande vyembamba, unailoweka kwenye maji yanayopita, unaikamua, unailoweka tena, ndipo uanike na kutwanga. Na kabla ya kuanika lazima mtu aonje. Unaweka kipande kwenye ulimi, unasubiri. Kikiuma, kirudishe majini. Kikinyamaza, anika.

Pale kijijini kwetu Tingi mwonjaji nilikuwa mimi. Wanawake waliniletea vikapu mpaka uani. Wengine wamesoma, wana vyeti ukutani, na walikaa kwenye mkeka wangu wakinitazama mdomo. Nilipenda. Sidanganyi, nilipenda sana. Mimi shule niliachia darasa la nne, nikaolewa, nikazaa, nikazika mume, lakini mwaka ule ulimi wangu ulilisha mtaa mzima.

Mwaka huo huo mkono wangu wa kulia ulianza kufa ganzi. Nashika kikombe, nakiona kipo mkononi, lakini sikisikii. Uso nao upande ule ule ukawa kama si wangu. Sikumwambia mtu. Ganzi haiumi, na kitu kisichouma nani anakipeleka hospitali. Kulikuwa na mengine pia. Natia chumvi, nageuka, natia tena. Naingia chumbani, nasimama katikati, sijui nimefuata nini. Binti yangu, ambaye ndiye ninayekaa naye, mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha kucheka, akawa anaonja mchuzi kabla sijapakua. Anaonja haraka, akidhani simwoni. Nilimwona.

Siku yenyewe nilionja ndiga yetu wenyewe. Nikaweka kipande ulimini, kimya. Nikaweka kingine, kimya. Nikasema anikeni. Ikakauka, ikatwangwa, na binti yangu akakoroga uji. Mimi nilikuwa nimeshika changu nasubiri upoe. Yeye alikuwa na njaa, akanywa wa moto.

"Mama," akasema, "huu unauma."

Nikamwambia una ulimi wa kitoto, kunywa. Akanywa tena, kwa adabu tu. Mtoto niliyemlea vizuri. Haukupita muda akawa anacheka peke yake kama mlevi, kisha akataka kusimama, miguu ikamkatalia. Akatapika mpaka hana cha kutapika. Jirani akaita bodaboda, wakamweka katikati, wakamkimbiza kituo cha afya.

Nikabaki na sufuria. Nikachovya kidole, nikaweka ulimini, pale pale ninapoonjea siku zote. Kimya. Nikasukuma ule uji upande wa kushoto wa mdomo. Ukawaka kama pilipili. Nilisimama uani, nusu ya mdomo inawaka na nusu imekufa, na hapo nikaelewa. Ndiga ilikuwa haijanyamaza. Ni mimi nilikuwa sisikii.

Sikulia. Niliumwaga ule uji shimoni, nikaufukia kuku wasiufikie, nikasugua sufuria. Binti yangu akarudi kesho yake, mzima, amedhoofu. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu kidogo.

Sasa yeye ana mtoto wa kike, mtu mzima, mjukuu wangu, anafanya kazi maabara huko Lindi mjini. Huyo nikimtaja naketi vizuri kwanza. Anavaa koti jeupe, anaangalia kwenye ile hadubini yao vitu ambavyo mimi na wewe hatutaviona mpaka tunaingia kaburini. Aliposikia habari ya ule uji alikuja kwa bodaboda, akanichukua, hakuniuliza. Ndivyo nilivyofika kwa daktari.

Daktari alikuwa kijana mpole. Shikamoo yake ilikuwa ya kweli. Akaniuliza leo siku gani, tuko wapi. Akanipa maneno ya kushika, embe, mlango, kamba, akaniambia nichore saa ya ukutani. Nikamwambia mimi saa yangu ni adhana, tangu nizaliwe sijachora saa. Akacheka, akaiacha. Kisha akayataka maneno yake. Embe nilimpa. Kamba nilimpa. La katikati lilikuwa limekwenda, na alipolitaja mwenyewe nililiona geni, kama silo nililoambiwa.

Damu alinitoa mjukuu wangu kwa mkono wake.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "mume umenikuta naye, sasa unataka na damu?"

"Mume uliniachia mzee, bibi. Damu angalau ina kazi."

Sindano nayo sikuisikia. Alikuwa ametoboa mkono wa kulia. Akaniangalia, akaona sijashtuka, utani ukamwishia pale pale.

Majibu alitusomea daktari, mimi, binti yangu na mjukuu tukiwa tumekaa mbele yake. Picha ya kichwa waliyonipiga ilionyesha mishipa midogo imebana, na kuna sehemu ndogo ndogo damu haikufika, zikafa. Nikaliona shamba langu la mahindi mwaka wa jua, viraka vya kijani na viraka vya manjano. Presha ndiyo iliyoibana, alisema, presha ya miaka mingi ambayo sikuwahi kuipima.

Kisha akaja kwenye damu. Alisema mwili ukipambana na kitu kuna chembe za ulinzi na vitu vingine vinapanda, kama kidonda kinavyovimba na kupata moto, ila uvimbe huu uko ndani ambako jicho halifiki. Vyangu vilikuwa juu. Nikamuuliza ndivyo vinavyokula kichwa changu?

"Huenda vinahusika, bibi. Bado wataalamu wanachunguza. Lakini damu inaniambia upo uvimbe, hainiambii uko wapi. Unaweza kuwa kwenye mishipa ya kichwa, unaweza kuwa kwenye goti, hata kwenye hilo jino lako."

Jino langu bovu kweli. Nikampenda kwa kutojua kwake. Akasema jino ling'olewe, vidonge vya presha nimeze kila siku, nirudi damu ipimwe tena. Kusahau kwangu kuko mwanzoni, akasema. Kunaweza kukaa hapo, kunaweza kuzidi, na yeye hawezi kuniahidi lolote.

Binti yangu katika yote hayo alisikia neno damu. Tukiwa bado kwenye korido akampigia mdogo wake, mwanangu wa kiume aliyeko Dar es Salaam. Damu imeonyesha, akamwambia, ubongo wa mama umevimba. Mjukuu wangu akamvuta kanga, akamwambia mama, siyo hivyo daktari alivyosema, lakini kule upande wa pili mwanangu alikuwa ameshaanza kulia. Nikapewa simu. Akasema nikakae kwake, kuna chumba, kuna msichana wa kazi, hospitali kubwa ziko karibu.

"Siendi," nikamwambia. "Kama ni kusahau, nitasahaulia hapa hapa kwangu."

Nikamrudishia binti yangu simu yake.

Nyumbani kuonja ndiga nikaacha. Wanawake walipokuja na vikapu niliwaambia mpelekeeni huyu, amelewa nayo, anaijua kuliko mimi. Binti yangu anaonja, mimi nakaa pembeni namwelekeza maji. Hilo sikulazimishwa na mtu.

Barabara ilipotengenezwa mwanangu akaja na gari. Mjukuu wangu naye akaja kutoka Lindi kwa kuwa alijua mjomba wake anakuja na nini. Kesho yake jioni tulikaa ukumbini. Sanduku langu nililiona kupitia mlangoni, limeshawekwa kwenye kiti cha nyuma cha gari.

"Mama, dada nusura afe," mwanangu akasema. Alisema taratibu, hakuwa na ubaya.

Nikamjibu ni kweli, ningemuua. Nikamweleza kwamba kwake nimewahi kukaa, milango yote inafanana, nilikuwa nikitoka chooni sijui nirudi wapi, na wakati huo kichwa kilikuwa kizima. Hapa nikisimama katikati ya chumba sijui nimefuata nini, miguu inanipeleka yenyewe mpaka kwenye kinu, na nikikiona kinu nakumbuka. Kisha nikamwambia siendi, kama ni kusahau nitasahaulia hapa.

Binti yangu alikuwa anatazama sakafu.

"Mama," mwanangu akasema, "haya yote umetuambia asubuhi."

Nikaitafuta asubuhi. Chai niliikumbuka, na muhogo wa kuchemsha. Mazungumzo hayakuwepo. Ilikuwa kama kikombe kwenye mkono wa kulia. Wananionyesha kwamba ninacho, nami sisikii kitu.

Nikamgeukia mjukuu wangu, maana yeye hanidanganyi.

"Mke mwenza, asubuhi nilisemaje?"

"Kama ulivyosema sasa, bibi. Na kwenye simu ulisema hivyo hivyo."

"Sikubadilisha?"

"Maana ni ile ile."

"Ndio ugonjwa wenyewe huo, mama," mwanangu akasema. "Kurudia rudia."

Huenda. Sikumbishia. Ila maneno ya daktari yalikuwa matatu tu, nikapewa nikiwa nimekaa sawasawa, nikaambiwa shika, na moja likanitoka. Hili la siendi hakuna aliyeniambia nilishike, na bado lipo. Nikamwambia mwanangu akalitoe sanduku kwenye gari.

Hakuinuka. Akashika goti langu, akaniomba nimwambie vizuri, kwa mara ya mwisho, ili asije akasema hakusikia.

"Siendi. Kama ni kusahau, nitasahaulia hapa hapa kwangu."