Bibi Alikichoma Kibuyu kwa Sababu ya Tumbo Langu

Admin, ficha jina langu ila usifiche kwamba mimi ni mzuri. Nina miaka 24, naishi Olasiti, na kuanzia hapa mpaka mlimani Meru hakuna mwanaume mwenye tumbo kama langu. Sibishani na mtu. Nikivua shati pale tunapooshea magari ya watalii, mzungu anamsahau twiga aliyemfuata. Shule niliishia kidato cha pili, lakini mwili wangu una digrii.

Sasa msicheke. Utotoni niliitwa Kiroba. Dawati la watu watatu nililikalia na mwenzangu mmoja tu, naye alikuwa analalamika. Nilipofika kumi na nane nikasema basi. Miaka sita, ndugu zangu: mayai bila kiini, matango, kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala chumvi. Harusini naenda na kopo langu. Pilau ikipita mbele yangu naitazama kama mke wa mtu, kwa jicho la pembeni.

Mwezi wa tatu mwaka huu nikaanguka jimu. Nesi wa zahanati akaniuliza, "Umekula nini leo?"

Nikamjibu kwa maringo, "Mayai mawili. Meupe tu."

"Kaka, wewe huumwi, una njaa. Achana na hizo daieti. Ukisikia njaa kula, ukishiba acha. Hakuna chakula cha dhambi. Lisikilize tumbo lako."

Nikalisikiliza. Kimya! Miaka sita nimelifokea linyamaze, sasa nalibembeleza liseme, limenuna. Njaa sijui ikoje, shibe sijui inaanzia wapi. Nakaa mpaka saa tisa mchana bila kitu, halafu nikiigusa chipsi mayai siachi mpaka nakwangua sahani. Nikila najiona mwizi. Nisipokula naona giza. Elibariki, ninayeosha naye magari, ananimaliza: "Oya sikspaki, naona pakiti zinafunguka!" Nacheka naye, nikifika geto najipima kiuno kwa kamba ya kiatu. Ina fundo nililofunga mwaka jana. Siku hizi ncha ya kamba hailifikii.

Nikasema dawa yangu iko Akheri, kijijini kwa bibi mzaa baba. Chakula pekee nilichowahi kula bila kuhesabu ni loshoro yake, mahindi na maziwa mgando ya kwenye kibuyu, kile alichokuwa anakisafisha kwa kijinga cha moto mpaka maziwa yananukia moshi. Nikapanda Jumapili baada ya ibada. Njiani, nikiwa katikati ya migomba, tumbo likanguruma. Lenyewe! Nilisimama nikacheka peke yangu kama chizi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Umenenepa au umekonda? Macho yangu siku hizi ni ya kukisia."

"Nina njaa, bibi. Nipikie loshoro."

Akaingia jikoni, akarudi na chai ya rangi na mkate wa dukani, bado umo kwenye nailoni yake, kama vile amekuja mgeni wa serikali.

"Loshoro sipiki tena, baba. Kibuyu nilikichoma. Wajukuu wote nawapa vya dukani. Vya dukani havimdhuru mtu."

Nikala ule mkate. Tumbo likanyamaza tena, na mpaka leo halijasema.

Najua mtajaa hapa chini: rudi kwa nesi, rudi kwenye matango, nenda ukaombewe. Siulizi hayo. Miaka minne iliyopita bibi alinipakulia bakuli limejaa, akasimama juu yangu nile. Mwanaume mzima niliona aibu kusema niko kwenye daieti. Nikamwambia, "Bibi, daktari amesema maziwa ya kibuyu chako ndiyo yaliyonilaza hospitali." Hakubisha. Aliitazama mikono yake, akaenda kuinawa.

Nipeni maneno, wakubwa zangu. Bibi wa miaka themanini unamwambiaje kwamba mikono yake haikuwa na kosa? Mdomo wangu huu unaoshinda kila kijiwe, kwake haufunguki.

Maana sikulazwa popote. Nilitunga tu, ili nisinenepe.